Hoteli, moteli au gesti: hesabu ianzie kwenye saa ya basi

Msafiri anayeshuka kwenye stendi ya Msamvu, Nyegezi au Mbezi Luis giza likiwa limeshaingia hupokewa na vibao vya kila namna. Kuna Hotel, Motel, Lodge, Inn, Executive Lodge, Guest House, na siku hizi Apartments. Nyumba yenye vyumba vinane na bafu moja la uani inajiita Motel; jengo la ghorofa tano lenye lifti na ukumbi wa mikutano linajiita Lodge. Bodaboda naye ana mahali pake pa kupendekeza, kwa kuwa mapokezi fulani humpa chochote kwa kila mgeni anayemleta. Kibao kinamwambia msafiri mwenye nyumba alitamani nini siku alipomwita mchoraji, basi.

Mkanganyiko huu umezaa kauli mbili zinazosikika kila Desemba watu wanaporudi makwao. Moja inasema chumba ni cha kulala tu: macho yakishafumba, kitanda cha elfu ishirini na cha laki mbili ni kimoja. Nyingine inajibu kwamba rahisi ni ghali, na anayekwepa hoteli atalipa kwa njia nyingine, iwe ni simu iliyoibwa, homa ya malaria au usiku mzima wa kusikiliza muziki wa baa. Kila upande una ukweli wake, lakini wote wanakosea mahali pamoja. Wanaanza na chumba, ilhali mambo yanayoamua thamani ya chumba yako nje ya chumba: chombo alichosafiria mtu, saa aliyofika na saa anayoondoka.

Moteli ilizaliwa na gari, gesti ikazaliwa na stendi

Moteli ni zao la gari la binafsi. Ya kwanza kuitwa hivyo ilifunguliwa mwaka 1925 na mbunifu wa majengo Arthur Heineman huko San Luis Obispo, California, kati ya Los Angeles na San Francisco, kwa sababu magari ya wakati ule na barabara zake hazikumruhusu mtu kumaliza safari hiyo kwa siku moja bila taabu. Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi. Unaegesha mbele ya mlango wa chumba, unalala, alfajiri unaondoka bila kupita ukumbini wala kumtafuta wa kukubebea mizigo. Kemmons Wilson alipoanzisha Holiday Inn mjini Memphis mwaka 1952, na sheria ya barabara kuu ilipopitishwa mwaka 1956 chini ya Rais Eisenhower, biashara hiyo ikatapakaa Marekani nzima. Motel 6, iliyoanza Santa Barbara mwaka 1962, ilichukua jina lake kutoka kwenye bei: dola 6 kwa usiku. Baadaye sehemu kubwa ya moteli hizo ilihamia kwa familia zenye asili ya Gujarat, wakiwemo Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Kwao ilikuwa biashara ambayo familia iliweza kuishi humo humo na kuiendesha kwa mikono yake.

Huku kwetu mfano huo uliletwa pia na kampuni ya mafuta ya Italia, Agip. Wazee wa Dar es Salaam wanaikumbuka Motel Agip, na Mbarara nchini Uganda palikuwa na nyingine. Mbegu haikuota sana, kwa sababu iliyo wazi: wasafiri wengi hawakuwa na gari la kuegesha mlangoni.

Kilichoota ni gesti, na gesti ilifuata stendi. Tangu miaka ya 1990 hadi 2023 mabasi ya mikoani nchini Tanzania hayakuruhusiwa kutembea usiku kucha. Ajali zilikuwa zimezidi, ujambazi wa barabarani nao ukiogopwa, serikali ikaona heri basi lilale. Uamuzi huo wa usalama ukageuka sera ya malazi bila mtu kuuita hivyo. Abiria wa Dar es Salaam kwenda Bukoba, safari ya zaidi ya kilomita 1,400, alilazimika kulala njiani, ama kwenye kiti cha basi ama kwenye kitanda cha Kahama. Na kwa kuwa karibu mabasi yote yaliondoka alfajiri, wanaoishi mbali na stendi walilala karibu nayo usiku wa kuamkia safari. Gesti za Ubungo, Manzese na Sinza zilikula kwa saa hiyo ya alfajiri miaka mingi.

Kisha mambo yakageuka kwa kasi. Mapema mwaka 2021 mabasi ya mikoani yalihamishwa kutoka Ubungo kwenda Mbezi Luis, na wateja wakahama nayo. Mwaka 2023 serikali iliondoa marufuku ya safari za usiku, na kuanzia Oktoba mwaka huo mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, LATRA, ikawa inatoa ratiba za saa 24. Mwaka uliofuata treni ya SGR ikaanza: Dar es Salaam hadi Morogoro mwezi Juni, hadi Dodoma mwezi Julai. Safari ya Dodoma iliyokula siku nzima barabarani sasa treni ya haraka inaimaliza chini ya saa nne. Kenya ilipita hapo mapema zaidi. Treni ya Nairobi–Mombasa ilipoanza kubeba abiria mwaka 2017, na mizigo ikafuata, miji ya njiani kama Mtito Andei, iliyoishi kwa madereva na abiria wa katikati ya safari, ilipungukiwa wateja.

Ndiyo maana ushauri wa miaka kumi iliyopita kuhusu mahali pa kulala umechakaa. Vyumba vipo palepale, saa ndizo zimehama.

Gesti: karibu na stendi, karibu na baa

Anayedhani gesti inapendwa kwa bei tu hajapanda basi la saa kumi na moja alfajiri. Aliyelala gesti ya jirani na stendi huamka saa kumi na nusu, akabeba begi akatembea. Aliyelala hotelini katikati ya mji anahitaji bajaji au teksi, na saa hiyo bei huipanga dereva. Ongeza chai. Hoteli inayosema bei ni pamoja na kifungua kinywa mara nyingi hufungua chumba cha chakula saa kumi na mbili na nusu au saa moja. Msafiri wa alfajiri amelipia mayai, soseji na juisi asivyoviona, wakati nje ya gesti mama lishe ameshabandika supu na chapati zinageuzwa.

Tena gesti haina urasimu. Bei inapungua ukiomba vizuri, malipo ni taslimu au kwa simu, ufunguo unakabidhiwa, kisha daftari: jina, kabila, kazi, utokako, uendako, namba ya kitambulisho. Wageni wengi hulijaza daftari hilo kwa kulipua. Ni kosa, kwa sababu ukipotelewa na kitu au ukiugua usiku, ndiyo kumbukumbu pekee kwamba ulilala pale.

Udhaifu wa gesti una chanzo kimoja kikubwa, nacho ni mtaji. Nyingi zimejengwa chumba kwa chumba kwa akiba ya mwenyewe, mwaka huu viwili, mwaka ujao vitatu, bila mkopo wa benki na mara nyingi bila mchoro wa maana. Ndiyo sababu chumba namba 3 kina dirisha la uani lenye hewa, na namba 7 kinatazamana na spika. Namba 7 kiliongezwa baadaye, baa ilipoanza kuingiza fedha.

Na baa haikuwekwa pale kwa starehe ya mwenye nyumba. Chumba cha shilingi 20,000 kikilaza mgeni mmoja, kisha kesho kikakaa kitupu, hakiwezi kumlipa mhudumu, umeme, maji na leseni. Bia ndizo zinazoziba pengo. Bia zisipotosha, chumba hicho hicho hukodishwa mchana kwa saa. Mapokezi wanasema mteja amekuja "kupumzika". Shuka hubadilishwa, au hazibadilishwi, kabla mgeni wa usiku hajafika. Kuomba kuona chumba kabla ya kulipa, kufunua kitanda, kufungua bomba na kuangalia kama chandarua kimetoboka si dharau. Mhudumu wa gesti ameshazoea, na asiyezoea ana lake.

Ubora wa gesti pia unapanda na kushuka na mwenye mali. Nyumba ambayo mama mwenye gesti analala chumba cha mbele huwa na maji kwenye ndoo hata bomba likikauka. Akiugua au akahamia mjini akamwachia kijana wa ukoo, miezi michache inatosha kuibadilisha. Sifa uliyopewa na rafiki aliyelala pale mwaka juzi haina uzito mkubwa.

Kuna aina moja ambayo hukaa pembeni ya mjadala huu bila sababu ya haki: hosteli za taasisi za dini, kuanzia kituo cha Baraza la Maaskofu Katoliki Kurasini hadi nyumba za wageni za Kanisa la Kilutheri (KKKT) katika miji mingi ya mikoani. Hazina baa, geti hufungwa mapema, chakula ni cha kawaida, na usafi wake mara nyingi unazishinda loji za bei mara mbili yake. Asiyehitaji bia wala kurudi saa saba usiku hupata hapo usingizi mzuri kuliko anavyolipia.

Hoteli inauza nafasi ya kubadilishiwa

Tofauti kubwa ya hoteli hujulikana jambo linapoharibika. Kiyoyozi kikigoma saa tano usiku, kuna mtu mapokezi na kuna chumba kingine cha kukuhamishia. Ukiumwa, kuna gari. Ukisahau chaja au pasipoti, kuna wa kupigiwa simu. Gesti ikikatikiwa na umeme inakupa mshumaa, ila hoteli ina jenereta. Faida hii ya mwisho imepungua kidogo tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uanze kuzalisha umeme Februari 2024 na mgawo kulegea. Hoteli zilizokuwa zikijitangaza kwa jenereta zimelazimika kutafuta jambo jingine la kujisifia.

Hata hivyo hoteli nyingi hazikujengwa kwa ajili ya abiria wa basi. Norfolk ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1904, ikawa makao ya walowezi na wawindaji. Kaiserhof ya Dar es Salaam, ambayo baadaye ilipisha New Africa, ni ya enzi za Wajerumani. Hoteli ya Kilimanjaro ilifunguliwa mwaka 1965, taifa likiwa changa na likihitaji mahali pa kupokelea wageni wake. Urithi huo ulikaa muda mrefu kwenye orodha ya bei, iliyoandikwa kwa dola hata pale mteja alipotoka Singida, mpaka kanuni za Machi 2025 zilipopiga marufuku kutangaza bei za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Bei ya mkazi na bei ya mgeni bado ni mbili mahali pengi, hasa Arusha na Zanzibar. Asiyeuliza "bei ya mkazi ni ngapi?" anaweza kulipa ya mtalii bila kushtuka.

Mteja mkubwa wa hoteli za miji kama Dodoma na Morogoro si msafiri wa mmoja mmoja. Ni warsha. Ukumbi, chai ya saa nne, chakula cha mchana na vyumba hamsini kwa siku tano hulipwa na mfuko mmoja. Anayefika peke yake kwa usiku mmoja hupewa kilichobaki, mara nyingi chumba cha jirani na jiko au cha ghorofa ya juu lifti ikiwa inatengenezwa. Dodoma hali hukaza zaidi kati ya Aprili na Juni, Bunge linapokaa kwa bajeti. Chumba kilichokuwa kikitafutiwa mteja Februari huwa hakishikiki Mei. Arusha na pwani ya Zanzibar ni kinyume: masika ya Aprili na Mei watalii wamepungua, na hoteli iliyokataa kuongea bei Agosti huwa na sikio laini.

Loji, mtoto wa katikati

Kati ya hizo mbili pamesimama loji, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndipo fedha za Watanzania zinapopotea zaidi. Vigae vinang'aa, runinga ni kubwa ukutani, kila chumba ni "self", na bei imesogea hadi elfu hamsini au sitini. Lakini usiku mapokezi analala mlinzi peke yake, maji ya moto yanategemea hita moja inayohitaji kuombewa, na ukitaka kuhamishwa chumba hakuna wa kuamua mpaka mwenye mali apokee simu. Umelipa zaidi ya nusu ya bei ya hoteli kwa huduma ya gesti yenye vigae.

Zipo loji nzuri, hasa zile za miji midogo kama Makambako au Mafinga ambako hoteli zenyewe ni chache na mwenye loji anajua jirani yake ndiye atakayemsimanga. Zinazostahili kutiliwa shaka ni zile za pembezoni mwa majiji, zilizoota kwa mamia ndani ya muda mfupi na zinazoshindana kwa picha. Picha inayopambwa mtandaoni huonyesha kitanda chenye taulo lililokunjwa mfano wa bata. Mlango wa bafu haionyeshi.

Elfu ngapi ni za chumba, elfu ngapi ni za kodi?

Tofauti ya bei hutafsiriwa haraka kuwa tofauti ya ubora. Sehemu yake ni kodi tu. Tangu Julai 2023 biashara hulazimika kujisajili kwa VAT mauzo yake yakifika shilingi milioni 200 kwa mwaka. Chukua gesti ya vyumba 12 inayotoza shilingi 25,000. Hata ikijaa kila siku ya mwaka, jambo ambalo halitokei, itauza vyumba vya shilingi milioni 109.5. Haifiki kiwango. Chukua hoteli ya vyumba 40 kwa shilingi 90,000, nusu vikiwa vitupu: mauzo ni shilingi milioni 657, na VAT, kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18, lazima itozwe. Ndani ya ile 90,000 kuna karibu shilingi 13,700 ambazo hoteli inazikusanya kwa niaba ya serikali. Bado hujagusa mishahara ya zamu ya usiku, bima, na kamisheni ya mitandao ya kuwekea nafasi.

Kwa hiyo mfanyabiashara aliyesajiliwa VAT, anayehitaji risiti ya EFD na anayeweza kudai kodi aliyolipa pale sheria inaporuhusu, haioni bei ya hoteli kwa jicho la mwanafunzi anayerudi chuoni. Mlipaji akibadilika, chaguo hubadilika.

Mfano mzuri ni mtumishi wa umma. Posho ya kujikimu safarini hulipwa kwa kiwango cha siku, wala haifuati bei halisi ya chumba. Mwaka 2022 viwango vilipandishwa, cha chini kutoka shilingi 80,000 hadi 100,000 na cha juu kutoka 120,000 hadi 250,000. Anayelala chumba cha elfu thelathini anabaki na salio, na salio hilo ni ada ya mtoto au mabati ya nyumba. Ukiona maofisa wa warsha wametawanyika kwenye gesti za Dodoma ilhali mkutano uko hoteli ya nyota nne, usiwahukumu kwa ubahili. Utaratibu wa malipo unawaambia wafanye hivyo. Mashirika yanayolipa chumba moja kwa moja hupata tabia tofauti: wageni wao hawaulizi bei, wanauliza kama kuna bwawa la kuogelea.

Nyota nazo zinahitaji tahadhari. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina vigezo vya pamoja vya kupanga madaraja ya hoteli, na nyota zilizotolewa na wakaguzi kwa vigezo hivyo zina maana. Zile zilizochorwa na fundi wa vibao hazina. Swali la kuuliza ni nani aliyezitoa na mwaka gani.

Usalama: nondo, geti na macho ya mapokezi

Mjadala wa usalama huishia kwenye wizi, na hapo gesti hupoteza kwa haki: kufuli za kawaida, funguo za akiba mikononi mwa wengi, paa lenye dari la mbao laini. Dawa iliyoenea ni nondo madirishani. Nondo zinazuia mwizi kuingia, na zinazuia mgeni kutoka moto ukizuka. Gesti ndefu yenye ujia mmoja, mlango mmoja wa mbele na nondo zilizochomelewa kila dirisha ni mtego, hata kama iko mtaa wa polisi. Kati ya vigezo vyote vya kuchagulia, mlango wa pili ndio unaosahaulika kuliko vingine, na ndio unaoonekana kirahisi ukitembea hatua ishirini kabla ya kulipa. Hoteli za ghorofa nazo si salama kwa kuwa zina ghorofa: ngazi ya dharura iliyojazwa magodoro ya zamani ni sawa na ngazi isiyokuwepo.

Kwa mwanamke anayesafiri peke yake hesabu ina mzigo wa ziada ambao wanaume huupuuza. Gesti inayokodisha vyumba kwa saa humfanya kila mwanamke anayeingia usiku atazamwe kwa jicho moja, na wanywaji wa baa ya mbele, na wakati mwingine hata na mhudumu. Kugongewa mlango na mtu "aliyekosea chumba" kunatokea. Hapa tofauti ya shilingi elfu arobaini inanunua mapokezi yenye mtu macho, taa kwenye ujia na mlango wenye komeo la ndani. Hosteli za dini zinaweza kutoa yote hayo kwa bei ya chini, iwapo geti halijafungwa. Miji ya pwani yenye maadili makali, Lamu au Unguja, ina upande wake: nyumba nyingine huwauliza mume na mke cheti cha ndoa. Kwa mwanamke aliye peke yake, ukali huo huo huwa ni ulinzi.

Wanaosafiri kwa njia nyingine

Wafanyabiashara wanaotoka Lubumbashi, Bujumbura, Lusaka na Moroni kununua mzigo Kariakoo wameshalitatua swali hili kwa vitendo. Wanalala kwenye hoteli nyembamba za ghorofa katikati ya soko, vyumba vidogo kuliko vya mikoani kwa bei kubwa kuliko ya mikoani, na hawalalamiki. Mzigo uko mtaa wa pili, wakala wa usafirishaji yuko chini ya ngazi, na hakuna nauli ya kila siku ya kwenda Masaki na kurudi. Kwao mita mia tatu zina thamani kuliko bafu kubwa.

Dereva wa lori wa Tunduma, mpakani na Zambia, yuko kinyume. Foleni ya mpaka inaweza kumshika siku kadhaa, lakini kitanda cha gesti hakimsaidii ikiwa dizeli inanyonywa usiku, kwa hiyo analala kwenye kabini ya lori. Yeye na mwenye gari dogo, ambaye idadi yake barabarani inaongezeka, ndio wateja wa moteli kwa maana yake ya kwanza. Wanachohitaji ni uwanja wenye taa, ukuta na mlinzi, na chumba kinachouona uwanja huo. Barabara ya Korogwe hadi Chalinze imejaa vibao vya Motel, lakini viwanja vya namna hiyo ni vichache. Mwenye gari aangalie uwanja kwanza, shuka baadaye.

Familia yenye watoto ina njia ya tatu, apatimenti ya siku chache yenye jiko. Vyumba viwili vya hoteli na milo mitatu ya watu watano huzidi haraka bei ya nyumba nzima ya Mikocheni au Kigamboni. Ubaya wake ni kwamba hakuna mapokezi, na mwenye nyumba huenda yuko Dubai.

Tukipima

Kwa usiku mmoja wa kupita, basi likiwa la alfajiri na msafiri akiwa hana cha thamani zaidi ya simu, gesti nzuri ya karibu na stendi inaishinda hoteli, na si kwa bei peke yake. Kuanzia usiku wa pili mizani inainama upande mwingine. Nguo zinahitaji kufuliwa, kompyuta inahitaji meza na intaneti, chakula cha kununua nje mara tatu kwa siku kinapunguza akiba iliyopatikana, na kelele iliyovumilika jana inakuwa adui. Anayefika mji asioujua baada ya saa nne usiku anunue hoteli, angalau kwa usiku huo. Kesho mchana atatembea na kuchagua kwa macho yake. Loji ichaguliwe tu na aliyeiona au aliyeambiwa na mtu aliyelala humo mwezi huu.

Kisha kuna swali ambalo zamani halikuwepo, kama kuna haja ya kulala kabisa. Nauli ya SGR daraja la kawaida kati ya Dar es Salaam na Dodoma ilianza kwa shilingi 31,000 mwaka 2024. Mwenye shughuli ya saa mbili wizarani anaweza kwenda asubuhi na kurudi jioni, na fedha ya chumba ikabaki mfukoni. Wakenya wa Nairobi na Mombasa wamekuwa wakifanya hesabu ya namna hii kwa basi la usiku kwa miaka mingi: kiti ndicho kitanda. Anayeichukua njia hiyo akumbuke kwamba usingizi wa kwenye kiti hulipwa mchana, na kwamba mkutano wa saa tatu asubuhi hautamwuliza amelala wapi.

Anayeshushwa na basi la usiku saa tisa ndiye ambaye biashara ya malazi bado haijamwona. Hoteli itamtoza usiku mzima kwa saa chache, na saa nne asubuhi atatakiwa kutoka. Gesti itamfungulia kwa kusitasita, nayo itataka bei kamili. Anachohitaji ni kuoga, kitanda safi mpaka saa mbili asubuhi, na mahali pa kuacha begi hadi jioni. Gesti za stendi zimekuwa zikiuza vyumba kwa saa kwa miaka yote hii, zikiona haya kuandika bei hiyo ukutani. Ya kwanza pale Mbezi Luis au Nyegezi itakayoiandika waziwazi, ikaweka maji ya moto na kubadilisha shuka mbele ya mteja, itampata abiria huyu kabla bodaboda hajamfikia.